Nani bado ananunua santuri?

Babu yetu wa Nambambo, Nachingwea, aliacha sanduku la santuri. Alizinunua kwa pesa za korosho, nyingi zikiwa za Mbaraka Mwinshehe na Morogoro Jazz. Gramafoni ilishakufa zamani, ila bibi haruhusu mtu aliguse sanduku.

Mwaka jana nilikuwa Nairobi, nikapita Kenyatta Market kwenye kibanda cha santuri. Nilikaa nikiwaangalia wateja. Wazee huja kutafuta wimbo mmoja tu, ule waliochezea ujanani. Vijana madijei wanasaka midundo ya kuchanganya. Wakusanyaji kutoka Ulaya husoma lebo kwanza, muziki baadaye.

Lakini kwa nini muziki wetu nikaukute Nairobi? Bendi zilirekodi Radio Tanzania, Dar es Salaam, ila kiwanda cha santuri hatukuwa nacho. Nyingi zilitengenezwa Kenya. Mpaka ulipofungwa mwaka 1977, hadi 1983, njia hiyo ikabanwa, na kaseti zikashika soko. Ndiyo maana santuri za babu zinakomea miaka ya sabini. Kumbe hakuchoka muziki, bidhaa ndiyo ilikata.

Mkusanyaji mmoja aliposikia habari za sanduku, akataka kulinunua lote bila kuliona. Nikampigia bibi.

"Mjukuu wangu, huyo atazicheza au ataziweka tu?"

Sikuwa na jibu. Sijauza. Natafuta gramafoni kwanza, bibi azisikie tena; habari za bei tutaongea baadaye, akitaka yeye.