Laptopu: Ununue Leo au Ungoje Mpya? Historia Fupi ya Kungoja

Leo naandika kuhusu swali ambalo mtu akishajulikana kuwa ni wa kompyuta haachi kuulizwa. Ataulizwa na binamu, na jirani, na mwalimu wake wa zamani, na hata kondakta wa matatu aliyeona begi mgongoni: "Ninunue laptopu sasa, au ningoje zile mpya zitoke?"

Wengi hulijibu kwa methali. Wapole husema subira huvuta heri. Wenye haraka nao husema ngoja ngoja huumiza matumbo. Methali zote mbili ni za wazee wetu na zote mbili ni za kweli, kwa hivyo hazitusaidii kuchagua. Historia inatusaidia zaidi kidogo. Swali hili lina umri wa zaidi ya miaka 40, na limewahi kuchangia kuangusha kampuni nzima. Tuanze na hiyo kampuni.

Mashine ya kilo 11

Adam Osborne alizaliwa Bangkok mwaka 1939, akalelewa kwa sehemu nchini India, akasomea uhandisi wa kemikali Uingereza na baadaye Marekani. Aliandika na kuchapisha vitabu vya kompyuta, na mwaka 1979 kampuni yake ya vitabu ikanunuliwa na McGraw-Hill. Baada ya kuandika kuhusu kompyuta za wengine, akaamua kuuza yake mwenyewe. Kazi ya kuiunda alimpa mhandisi Lee Felsenstein.

Aprili 1981, katika maonyesho ya kompyuta mjini San Francisco, walizindua Osborne 1. Usidhani ilikuwa kitu cha kupakata. Ilikuwa na uzito wa kilo 11 hivi na umbo kama la cherehani iliyofungwa ndani ya sanduku lake. Haikuwa na betri ndani, kwa hivyo ulibeba sanduku lako hadi ukutani kwenye umeme. Skrini ilikuwa ya inchi 5. Kumbukumbu yake ilikuwa kilobaiti 64. Laptopu ya kawaida ya leo yenye gigabaiti 8 ina kumbukumbu mara 131,072 ya hiyo. (Nimepiga hesabu mara mbili. Ndiyo, laki moja na elfu thelathini na moja na ushei.)

Lakini bei ilikuwa dola 1,795, na ndani ya bei hiyo ulipewa programu ya kuandikia ya WordStar, lahajedwali la SuperCalc, na lugha ya BASIC. Ukizinunua programu hizo moja moja, ungekaribia bei ya mashine nzima. Watu wakanunua kama maandazi ya asubuhi. Wakati biashara ilipokuwa juu kabisa, kampuni iliuza kama mashine 10,000 kwa mwezi.

Kisha bosi akafungua mdomo. Mwanzoni mwa mwaka 1983 Osborne alianza kuwaeleza waandishi na wauzaji kuhusu mashine iliyokuwa inakuja, Osborne Executive, yenye skrini ya inchi 7, kabla haijawa tayari kuuzwa. Jiweke mahali pa mwenye duka. Kwenye rafu una Osborne 1. Wateja wanasoma kwamba kubwa na nzuri zaidi iko njiani. Nani atanunua hiyo ya rafuni? Na ikiwa hawanunui, wewe utaagiza nyingine za nini? Maduka yakafuta oda zao. Pesa zikakauka. Kampuni ikashusha bei, haikusaidia. Septemba 1983 ikatangaza kufilisika.

Tangu hapo, kampuni ikitangaza bidhaa mpya mapema mno hadi wateja wakaacha kununua ya sasa, watu wa biashara huita jambo hilo "athari ya Osborne".

Haki isemwe, wapo wanaopinga hadithi hii ilivyo nyepesi, na mimi nawaelewa. Mwaka 1982 Kaypro II ilikuwa imeshatokea ikiwa na skrini ya inchi 9 kwa dola 1,595. Compaq nayo ilianza kuuza mashine yake ya kubebeka mwaka 1983, na hiyo iliweza kuendesha programu za IBM PC, jambo ambalo Osborne haikuweza. Kwa hivyo kungoja kwa wateja kulimpata mgonjwa tayari. Hakukumpa ugonjwa peke yake, lakini kulimmaliza.

Sasa angalia upande ambao wengi huusahau: upande wa mnunuzi. Aliyenunua Osborne 1 mwaka 1981 alipata miaka miwili ya kuandika barua, vitabu na hesabu za duka. Aliyengoja Executive aliipata mwaka 1983 kwa dola 2,495, na miezi michache baadaye kampuni iliyoitengeneza ikafa. Alingoja kwa uvumilivu wote, na alichokipata ni yatima. Na ulimwengu ulikuwa umeshahamia kwa IBM.

Hesabu ya wavivu

Sisi waandishi wa programu tunapenda hesabu, basi tuje kwenye hesabu. Mwaka 1965 Gordon Moore aliandika kwamba idadi ya vipande vinavyoingia katika chipu moja ilikuwa ikiongezeka maradufu kila mwaka. Mwaka 1975 alirekebisha akasema kila miaka miwili. Watu wa soko wakazoea kusema miezi 18, na hapo ndipo ugonjwa wa kungoja ulipopata tiketi ya kisayansi: kwa nini ninunue leo kitu ambacho baada ya miezi 18 kitakuwa na nguvu maradufu kwa bei ile ile?

Mwaka 1999 wanaastronomia wa Chuo Kikuu cha Arizona waliandika makala nusu utani nusu kweli kuhusu jambo hili. Waliuliza: kama nina hesabu kubwa ya kufanywa na kompyuta, na kompyuta zinaongezeka kasi maradufu kila miezi 18, je, nianze leo, au niende ufukweni kwanza kisha ninunue kompyuta mpya? Jibu lao: kama hesabu yako itachukua zaidi ya miezi 26 kwa kompyuta ya leo, nenda ufukweni. Kama ni chini ya hapo, anza leo.

Unaweza kuthibitisha mwenyewe kwa kalamu. Chukua kazi ya miezi 40. Ukianza leo, unamaliza baada ya miezi 40. Ukingoja miezi 11 hivi kisha ununue mashine mpya, kazi yenyewe itachukua miezi 26, na utamaliza mwezi wa 37. Umepumzika karibu mwaka mzima na bado umemtangulia aliyeanza mapema kwa miezi 3! Sasa chukua kazi ya miezi 10. Hata ungoje siku moja tu, siku hiyo hairudi. Kasi utakayoongeza ni ndogo kuliko muda uliopoteza.

Haya, niambie wewe msomaji: nani kati yetu ana kazi moja ambayo kompyuta itaitafuna miezi 26 bila kupumzika? Mwanafunzi anaandika tasnifu. Mhasibu anafunga vitabu vya mwezi. Mimi naandika msimbo, na kinachonichelewesha ni kichwa changu, si prosesa. Kwa kazi zetu, wanaastronomia wale walishatoa hukumu: anza leo.

Na hukumu hiyo imekuwa nzito zaidi tangu hapo. Oktoba 2004 Intel ilifuta mpango wake wa kutoa Pentium 4 ya gigahezi 4, kwa sababu chipu zilikuwa zinakula umeme na kutoa joto kupita kiasi. Badala ya kukimbiza mwendo, viwanda vikageukia kuweka viini kadhaa katika chipu moja. Tangu hapo laptopu mpya ni bora kuliko ya zamani, ndiyo, lakini ule muruko wa zamani ambapo mashine ya miaka 3 ilikuwa takataka haupo tena.

Wakati kungoja kulipolipa

Nisije nikaonekana kama nimetumwa na wenye maduka. Zipo nyakati ambapo aliyengoja alicheka.

Juni 2005 Steve Jobs alitangaza kwamba Apple itaacha prosesa za PowerPC na kuhamia Intel. Januari 2006 MacBook Pro ya kwanza ikatangazwa. Aliyenunua PowerBook G4 mwishoni mwa 2005 alijikuta Agosti 2009 mfumo mpya, Snow Leopard, haumtambui. Basi aliyekimbilia MacBook Pro ya kwanza kabisa alishinda? Sivyo hasa. Prosesa yake, Core Duo, ilikuwa ya biti 32. Mwaka 2011 mfumo wa Lion ulidai biti 64, naye akaachwa nje pia. Aliyesubiri hadi Oktoba 2006 akapata Core 2 Duo ndiye aliyeingia. Miezi michache tu ya tofauti.

Apple ilirudia mchezo huo mwaka 2020. Machi ilitoa MacBook Air ya Intel. Juni ikatangaza kwamba inahamia chipu zake yenyewe. Novemba ikatoa Air ya M1 kwa dola 999, yenye kasi zaidi, isiyo na feni, na yenye betri inayokaa zaidi. Mwaka 2025 mfumo mpya, Tahoe, ukaikataa ile Air ya Intel na kuipokea ya M1. Aliyengoja miezi michache alipata miaka.

Nyakati hizi zinafanana kwa mambo matatu. Mabadiliko yalikuwa ya aina, si ya namba tu. Yalitangazwa na mtengenezaji mwenyewe, si na uvumi. Na tarehe ilikuwa karibu. Likikosekana mojawapo, unangoja embe chini ya mnazi.

Hata tangazo la mtengenezaji lisome vizuri. Mwaka 2006, kabla ya Windows Vista kutoka, laptopu nyingi ziliuzwa zikiwa na kibandiko cha kusema zinaweza kuendesha Vista. Vista ilipofika madukani Januari 2007, nyingi kati yake ziliweza toleo la msingi tu, bila ule urembo uliotangazwa. Mambo yakafika mahakamani Marekani.

Bei haishuki kila mara

Kuna wanaongoja si kwa ajili ya modeli, bali kwa ajili ya bei. Kwa miaka mingi walikuwa sahihi. Lakini Oktoba 2011 mafuriko ya Thailand yaliingia katika viwanda vya diski ngumu, na bei za diski zikaruka dunia nzima. Mwishoni mwa 2025 ikawa zamu ya kumbukumbu: viwanda viligeukia oda za vituo vya data vya akili bandia, na bei ya RAM ikapaa. Aliyengoja ishuke aliiona ikipanda.

Na huku kwetu

Gharama kubwa ya kungoja haionekani kwenye risiti. Mwaka 2013 watoto wa darasa la kwanza hapa Kenya waliahidiwa laptopu, zianze kufika 2014. Zabuni ikaingia kwenye mabishano, mpango ukabadilishwa, na vifaa vilipoanza kusambazwa mwaka 2016 vilikuwa tableti. Hapo sababu haikuwa kungoja modeli mpya, lakini hasara ni ile ile. Mtoto aliyeanza darasa la kwanza 2014 alikuwa ameshafika la tatu. Miaka miwili ya mtoto haiuzwi dukani.

Wengi wetu pia hatununui mpya. Tunanunua mtumba kutoka Ulaya na Marekani, na kwa mtumba swali linageuka: si "ningoje?" bali "hii imebakiza miaka mingapi?" Windows 11 ilipotoka Oktoba 2021 ilikataa karibu prosesa zote za Intel zilizo chini ya kizazi cha 8. Tarehe 14 Oktoba 2025 msaada wa kawaida wa Windows 10 ukaisha. Makampuni ya ng'ambo yakiziondoa mashine hizo, zitaishia kwenye maduka ya kwetu zikiwa safi, zinang'aa, na kwa bei tamu. Muulize muuzaji kizazi cha prosesa kabla ya kuuliza bei. Kama ni cha 7 kushuka chini, nunua tu ikiwa uko tayari kuweka Linux, ambayo bado inazipokea vizuri.

Basi jibu langu ni hili. Kama una kazi leo ambayo huwezi kuifanya bila laptopu, nunua leo, kwa pesa ulizonazo, mashine ambayo mfumo wake utaendelea kupata marekebisho. Kama unayo inayofanya kazi, na badiliko la aina limetangazwa kwa tarehe iliyo karibu, ngoja, na uhesabu siku. Kama unangoja tu kwa sababu kila mara kuna nzuri zaidi inayokuja, jua kwamba hiyo imekuwa kweli tangu 1981, na itakuwa kweli hata siku utakayoamua kununua.

Adam Osborne alifariki India mwaka 2003. Mashine yake ya kilo 11 sasa iko kwenye makavazi. Walioinunua na kuitumia walishamaliza kazi zao zamani.