Fartlek: kutoka misitu ya Uswidi hadi vumbi la Iten

Katika miaka ya 1920 Waswidi walikuwa na jirani aliyewanyima raha. Ufini, nchi ambayo Uswidi iliitawala kwa karne kadhaa hadi mwaka 1809, sasa ilikuwa imezihodhi mbio za masafa marefu. Aliyeongoza kikosi cha Wafini ni Paavo Nurmi, mtu wa maneno machache aliyezoea kukimbia na saa mkononi. Saa ile haikuwa pambo. Nurmi aliitupia jicho mzunguko hadi mzunguko, akapima kama bado yumo ndani ya hesabu aliyojiwekea, kisha akaendelea na safari yake. Nani yuko nyuma halikuwa jambo la kumshughulisha. Alistaafu akiwa na medali 9 za dhahabu za Olimpiki.

Aliyejitokeza kumtafutia dawa aliitwa Gösta Holmér. Ni jina ambalo huwezi kulisikia vijiweni Eldoret wala Arusha, ingawa wakimbiaji wa huko hufanya kazi aliyoibuni karibu kila wiki. Holmér mwenyewe alikuwa mwanariadha: katika Olimpiki ya Stockholm ya 1912 alishindana katika dekathloni, yaani michezo 10 kwa mpigo, akatoka na shaba. Miaka ya 1930, alipokuwa akiwafundisha Waswidi wa mbio za nyika, aliona kwamba kumfukuza Mfini uwanjani, mzunguko baada ya mzunguko, ni kucheza ngoma aliyoipiga Mfini mwenyewe. Akawatoa vijana wake uwanjani, akawapeleka msituni.

Zoezi lenyewe aliliita fartlek, maneno mawili ya Kiswidi yaliyounganishwa: kasi na mchezo. Jina hilo limewapotosha wengi. Mpaka leo utamkuta kocha akimwambia mwanafunzi wake kwamba fartlek ni kukimbia unavyojisikia, ukichoka utembee, ukipata nguvu uongeze. Mpango wa Holmér ulikuwa na mifupa migumu kuliko hivyo. Mkimbiaji alianza kwa mwendo mwepesi wa dakika 5 hadi 10 kupasha mwili moto. Akaingia mwendo mkali usiobadilika kwa kilomita moja na nusu hadi mbili na nusu. Akatembea haraka kama dakika 5. Kisha akakimbia taratibu huku akichomoka kwa mita 50 au 60, akirudia hivyo hadi uchovu uanze kubisha hodi. Hapo zikaja zile hatua tatu au nne za ghafla katikati ya mwendo mwepesi, kana kwamba kuna mpinzani anayetaka kukupita na wewe unamkatalia. Baada ya hapo alipanda kilima kwa kasi yote karibu mita 200, kisha akakimbia dakika moja ya mwendo wa haraka, na mzunguko mzima ukaanza upya mpaka muda uishe.

Mchezo ulikuwa katika jambo moja tu: mkimbiaji ndiye aliyeamua kilima kipi, mti upi, wakati gani. Hakukuwa na mstari mweupe wala mtu wa kupiga filimbi. Holmér alitaka mwanariadha arudi nyumbani amechangamka, asirudi amekongoroka. Ukiwa umewahi kufanya mazoezi chini ya kocha anayeamini kwamba zoezi lisilokutapisha si zoezi, utaona ni kwa kiasi gani wazo hilo lilikuwa la kigeni wakati ule, na kwa makocha wengine bado ni la kigeni.

Wazo linahitaji miguu ya kulithibitisha, na miguu hiyo ilikuwa ya Gunder Hägg, kijana kutoka maeneo ya misitu ya kaskazini, aliyepata ajira katika kikosi cha zimamoto cha mji wa Gävle. Hägg hakuwa zao la Holmér peke yake. Alikaa pia Vålådalen, kambi ya milimani ya Gösta Olander, ambako watu walikimbia kwenye theluji iliyowafika magotini wakati wa baridi, na kwenye udongo mlaini wa msitu wakati wa kiangazi. Mwaka 1942, Ulaya ikiwa vitani na Uswidi ikiwa haina upande, Hägg aliweka rekodi 10 za dunia ndani ya siku 82. Mojawapo ilikuwa ya mita 5,000: dakika 13 na sekunde 58.2, mtu wa kwanza kushuka chini ya dakika 14. Yeye na Mswidi mwenzake Arne Andersson wakawa wanapokezana rekodi ya maili moja mpaka ikafika dakika 4 na sekunde 1.4 mwaka 1945. Baada ya vita wote wawili walifungiwa kwa kupokea pesa, kosa ambalo leo lingewafanya matajiri.

Huko Freiburg, Ujerumani, watu walikuwa wakienda njia ya kinyume kabisa. Kocha Woldemar Gerschler na daktari wa moyo Herbert Reindell waliirudisha saa, wakaongeza na mapigo ya moyo. Mwanariadha alikimbia kipande kifupi hadi moyo ufike mapigo 180 kwa dakika, akapumzika hadi yashuke kuwa 120, akarudia. Mazoezi hayo ya vipindi yalimzaa Rudolf Harbig, aliyekimbia mita 800 kwa dakika 1 na sekunde 46.6 mjini Milan mwaka 1939, rekodi iliyodumu miaka 16. Harbig mwenyewe hakuuona mwisho wake; aliuawa vitani mwaka 1944. Emil Zátopek wa Chekoslovakia naye akarudiarudia vipande vya mita 400 kwa idadi iliyowafanya wenzake wamwone kichaa, mpaka Olimpiki ya Helsinki mwaka 1952 alipobeba dhahabu za mita 5,000, mita 10,000 na marathoni, ambayo ilikuwa ya kwanza maishani mwake.

Tangu hapo ulimwengu wa mbio umekuwa na kambi mbili, ya msitu na ya saa, na kila kizazi cha makocha hujifanya kimegundua upya mojawapo.

Barani Afrika msitu ulifika kwanza, na ulifika na Mswidi. Onni Niskanen, mzaliwa wa Ufini aliyekulia Uswidi, alikwenda Ethiopia mwaka 1946. Baadaye akawa kocha wa Abebe Bikila, askari wa kikosi cha walinzi wa mfalme. Simulizi za Bikila tunazozijua huishia kwenye miguu mitupu barabarani Roma, katika marathoni ya Olimpiki ya mwaka 1960, kana kwamba alitoka kijijini moja kwa moja mpaka kwenye utepe. Ukweli ni kwamba alikuwa na kocha aliyekuja na mawazo ya kaskazini, alikimbia milima na njia za udongo kwa mpangilio, na muda wake wa saa 2 dakika 15 na sekunde 16 ulikuwa bora duniani. Miaka minne baadaye, Tokyo, akashinda tena, safari hii amevaa viatu.

Kenya ilikuwa na historia nyingine. Mwezi Julai 1954, wanariadha wake wakiwa njiani kwenda Vancouver kwa michezo ya Jumuiya ya Madola, walipita London na kukimbia katika uwanja wa White City. Lazaro Chepkwony, pekupeku, aliingia mbio za maili 6. Alichomoka, akapunguza, akachomoka tena, akawavuruga Waingereza waliozoea mwendo mmoja. Hakumaliza, na watazamaji wengi walimwona mtu asiyejua anachofanya. Siku iliyofuata Nyandika Maiyoro aliondoka kwa kasi vilevile katika maili 3, akashika nafasi ya tatu nyuma ya Fred Green na Chris Chataway, ambao walilazimika kuvunja rekodi ya dunia.

Sisemi kwamba Wakenya walibuni fartlek bila kumsubiri Holmér. Hizo ni sifa za bure. Kubadilisha mwendo katika mashindano ni silaha, na fartlek ni namna ya kuinoa silaha hiyo mazoezini, na mtu anaweza kuwa na la kwanza bila la pili. Ila ni wazi kwamba zoezi hilo lilipofika kwenye nyanda za juu za Bonde la Ufa halikuwakuta wageni. Wenyeji walikuwa na vilima, walikuwa na njia za vumbi, na mbinu ya kumchosha mwenzako kwa kuchomoka wakati asioutarajia ilikwisha kujulikana.

Leo, Iten, mji ulioko karibu mita 2,400 juu ya usawa wa bahari, Alhamisi asubuhi ni siku ya fartlek. Wakimbiaji hukusanyika kando ya barabara kwa makumi, siku nyingine zaidi ya mia: bingwa wa dunia, msichana aliyeingia mjini juzi akitafuta wakala, Mzungu wa likizo. Mtu mmoja hutangaza mpango, tuseme dakika mbili za kasi na moja ya pole pole, na saa za mikononi hulia zote pamoja. Kundi hulipuka. Baada ya nusu saa limekwisha kuwa mnyororo mrefu wa vikundi vidogo milimani. Kaptagat, katika kambi ya Patrick Sang, mshindi wa fedha ya Olimpiki ya kuruka viunzi na maji mwaka 1992, Eliud Kipchoge kwa miaka mingi amefanya fartlek Jumamosi, Jumanne ikiwa ya uwanjani na Alhamisi ya mbio ndefu. Dakika 3 za kasi, dakika 1 ya kuvuta pumzi, mara 13.

Holmér angeiona kazi hiyo angeshangaa kidogo. Mkimbiaji hakichagui kilima, kinakuja tu pale saa inapolia. Na wa kuamua ni saa na umati. Kwa hesabu hiyo Freiburg imeingia ndani ya nguo za Uswidi. Wapo wanaolalamika kwamba mchezo umepotea. Mimi naona hawajawahi kukaa katikati ya kundi lile, ambako dakika ya kasi haina mwendo maalumu: ni mwendo wa yeyote aliye mbele aliyeamka na hasira asubuhi hiyo.

Tanzania tuna kitu kinachofanana na hayo kwa mbali tu. Mchakamchaka, uliokuzwa na Jeshi la Kujenga Taifa lililoanzishwa mwaka 1963 na kuingia kwenye ratiba za shule, ni mbio za foleni, wimbo mmoja, mguu mmoja. Uzuri wake ni kwamba hakuna anayeachwa, na udhaifu wake ni huohuo, kwa sababu hakuna anayeruhusiwa kuchomoka. Vilabu vya joging vya Dar es Salaam vinavyojaza barabara mwishoni mwa wiki vimeurithi zaidi, nyimbo na yote, kuliko vilivyomrithi kocha Arthur Lydiard wa Nyuzilandi, ambaye mwaka 1962 wafuasi wake walianzisha klabu ya joging Auckland kwa ajili ya wazee wenye vitambi na mioyo mibovu.

Jeshini, hata hivyo, ndiko walikotoka wakimbiaji wetu wengi wakubwa. Filbert Bayi alikuwa mwanajeshi alipovunja rekodi ya dunia ya mita 1,500 kule Christchurch mwaka 1974, akiongoza kutoka mwanzo hadi mwisho. Juma Ikangaa alikuwa ofisa alipoishinda marathoni ya New York mwaka 1989. Naye Alphonce Simbu, askari pia, alikuwa nyuma ya Mjerumani Amanal Petros walipoingia uwanjani Tokyo mwezi Septemba 2025, katika marathoni ya ubingwa wa dunia. Zilibaki hatua chache. Simbu akazikimbia kama mtu anayemkatalia mwenzake kupita, akajirusha kwenye mstari, wote wawili wakaandikiwa saa 2 dakika 9 na sekunde 48, na waamuzi wakaenda kutazama picha. Tofauti ilikuwa sekunde 0.03, na Tanzania ikapata dhahabu yake ya kwanza ya mashindano hayo.