Kabla ya NGO, Kulikuwa na Frere Town

Makanga wa matatu za Kisauni hushinda wakiita "Kengeleni! Kengeleni!" na wengi wetu tunashuka hapo bila kujiuliza ni kengele gani. Iko hapo hapo, wasee, kwenye mnara wake kando ya barabara. Ni kengele ya Frere Town. Ukitaka kuelewa kwa nini dadako anayefanya kazi kwenye shirika la mtaani anarudi jioni amechoka mpaka roho, anzia hapo.

Historia kwa ufupi. Mwaka 1872 Uingereza ilimtuma Bartle Frere Zanzibar kumbana Sultan Barghash aache biashara ya watumwa ya baharini, na mkataba ukatiwa sahihi mwaka 1873. Manowari za Kiingereza zilikuwa zikikamata majahazi yaliyobeba watumwa, sasa swali likawa: waliokombolewa waende wapi? Mwaka 1875 wamishonari wa CMS wakiongozwa na William Salter Price wakaanzisha kijiji huku bara, Kisauni, wakakipa jina la Frere. Palikuwa na shule, mashamba, kanisa na pesa za michango kutoka Uingereza. Yaani walengwa wapo, mfadhili yupo ng'ambo, na ripoti lazima ziende. Hebu niambie hiyo si NGO.

Sasa, nani alibeba kazi? Tunasimuliwa wazungu tu. Lakini kufundisha, kutafsiri na kutuliza watu waliotoka kwenye minyororo kulifanywa sana na watu walioitwa Waafrika wa Bombay. Hawa walikombolewa wakiwa wadogo, wakapelekwa India, wakasomeshwa karibu na mji wa Nasik. Walijifunza Kiingereza na ufundi. Machungu ya wale wageni hawakuyasoma kwenye semina. Waliyapitia.

Mfano ni William Jones wa Rabai. Mwaka 1885 alisafiri na Askofu James Hannington kuelekea Uganda. Hannington akatangulia na watu wachache, akauawa Busoga. Jones, aliyeachwa nyuma na msafara, ndiye aliyewarudisha waliobaki hadi Rabai, kwa miguu, na bendera ya buluu yenye neno la kuomboleza. Hakuna aliyemwambia "chukua likizo, ongea na mtu." Alirudi kazini. Na kazi yenyewe ilikuwa nini? Rabai ilikuwa imejaa watumwa waliotoroka mabwana zao, na mwanzoni mwa 1889 zaidi ya 1,400 kati ya waliojificha Rabai na misheni za jirani wakapewa hati za uhuru.

Pamoja na yote hayo, Waafrika wa Bombay walilipwa chini sana ya wamishonari waliotoka Ulaya. Walipodai mshahara bora na heshima, wakubwa wao wakawaona wana majivuno. Tena mwanzoni mwa miaka ya 1880 ilibidi uchunguzi ufanywe kwa sababu ndani ya Frere Town yenyewe watu walikuwa wakichapwa viboko. Kijiji cha uhuru, na viboko!

Hapo ndipo mimi napata somo. Kazi ya kusaidia watu ina mtego wa zamani: ukiipenda, unaambiwa mapenzi yatosha. Leo kijana wa Mtopanga au Likoni anashinda juani akiongea na mateja, anasikiliza mama aliyefiwa na mtoto, jioni anapewa nauli na fulana yenye nembo. Akiuliza kuhusu malipo anaambiwa hana moyo wa kujitolea. Lugha hiyo ina zaidi ya miaka 100, na Kisauni tuliisikia mapema.

Kwa hivyo nasema wazi. Kudai haki yako si kukosa moyo. Jones na wenzake walikuwa na moyo kuliko waliowahukumu. Na kuchoka si udhaifu. Mtu anayebeba huzuni za watu 20 kwa wiki anahitaji mahali pa kuitua: mwenzake wa kazi, mkubwa anayesikiliza, siku ya mapumziko ambayo simu ya ofisi haiingii.

La mwisho ni kusoma. Waafrika wa Bombay waliweza kujibizana na wakubwa wao kwa sababu walikuwa na elimu na ufundi mkononi. Frere Town ndiko pia kulikoanzia mwaka 1903 chuo cha dini kilichohamia Limuru mwaka 1930, ambacho leo ni St Paul's University. Mimi chuo niliacha, lakini kusoma sikuacha. Wewe unayejitolea, jifunze kuandika pendekezo la mradi, jifunze kusoma bajeti. Ukijua pesa imeingia ngapi na imeenda wapi, hakuna atakayekulipa kwa sifa tu.