Milio Mitatu ya PageMaker

Mlio mmoja ulimaanisha faili ni nzima. Milio miwili, kulikuwa na hitilafu nayo imerekebishwa. Ikilia mara tatu, mpanga kurasa alijua usiku umekuwa mrefu, kwa sababu programu ilikuwa imeona kasoro na kushindwa kuitibu. Hivyo ndivyo Aldus PageMaker ilivyozungumza na waliojua siri yake: ukishikilia vitufe fulani huku ukiita amri ya kukata maneno mwishoni mwa mstari, programu ilipitia waraka wote, ikapanga upya kila mstari, kisha ikajibu kwa milio. Haikutoa ujumbe wala maelezo. Menyu yenyewe haikusema chochote juu ya uwezo huo.

Historia ya uchapishaji wa kompyuta husimuliwa kama historia ya ushindi: mashine ndogo ikaingia ofisini, mwananchi akawa mchapishaji. Ni kweli. Lakini ukiwauliza watu waliokuwa wakisubiri filamu ya uchapaji saa nane za usiku, utasikia habari nyingine, ya ukurasa unaosafiri kutoka mashine moja hadi nyingine na kupoteza kitu kila kituo. Ujuzi wao karibu wote ulizaliwa kwenye vituo hivyo.

Kabla ya 1985 ukurasa wa jarida ulijengwa kwa mikono. Maandishi yalipigwa kwenye mashine ya kupanga herufi kwa mwanga, yakatoka kama vipande virefu vya karatasi ya picha. Mtu mwenye wembe, rula na nta ya moto alivikata na kuvibandika kwenye kadi. Kichwa cha habari kikizidi upana, kilirudi kupigwa upya. Kazi ilikuwa ya polepole na ya gharama, ila ilikuwa na sifa moja ambayo warithi wake waliikosa kwa miaka mingi: kilichobandikwa ndicho kilichopigwa picha, na kilichopigwa picha ndicho kilichochapwa.

Paul Brainerd aliijua kazi hiyo kutoka ndani. Alifanya kazi gazetini huko Minneapolis, kisha akajiunga na Atex, kampuni ya Marekani iliyouza mifumo mikubwa ya kompyuta kwa vyumba vya habari. Atex ilipofunga ofisi yake ya karibu na Seattle, yeye na wahandisi wanne walianzisha kampuni yao mwaka 1984, wakaipa jina la Aldus Manutius, mchapaji wa Venice aliyetoa vitabu vidogo vya kubebeka mkononi mwanzoni mwa karne ya 16. Mfumo wa Atex ndio uliofungwa pia katika jengo la Wapping, London, ambako Januari 1986 Rupert Murdoch alihamishia The Times, The Sun na magazeti yake mengine, na wafanyakazi wapatao 6,000 waliogoma wakafukuzwa kazi. Kule, mpanga chapa aliondolewa kwa mfumo wa mamilioni, uzio na polisi wa farasi. PageMaker ililifikisha jambo hilo hilo kwa parokia, chama cha wanafunzi na mwenye duka la kadi za harusi, na hakuna aliyeandamana.

Vifaa vilikutana mwaka 1985. Palikuwa na Macintosh, yenye skrini ya nukta 512 kwa 342. Januari ilitangazwa printa ya LaserWriter kwa dola 6,995. Ndani ya printa hiyo kulikuwa na PostScript, lugha ya kuuelezea ukurasa iliyotengenezwa na Adobe, kampuni ambayo John Warnock na Charles Geschke waliianzisha mwaka 1982 baada ya kuondoka Xerox. PageMaker ya Aldus ikatoka Julai.

Wanunuzi wengi hawakujua kwamba kompyuta yenye nguvu zaidi mezani pao ilikuwa imejificha ndani ya printa. LaserWriter ilikuwa na prosesa ya Motorola 68000 ya megahezi 12 na kumbukumbu ya megabaiti 1.5. Macintosh ya wakati huo ilitumia prosesa ya aina hiyo hiyo kwa kasi isiyofika megahezi 8, na kumbukumbu yake ilikuwa kilobaiti 512. Sababu ni kwamba kompyuta haikutuma picha ya ukurasa. Ilituma maagizo: sogea hapa, chukua fonti hii, andika neno hili, chora mstari mpaka pale. Printa iliyasoma na kuyatekeleza yenyewe. Kwa hiyo ukurasa ungeweza kuwa safi kwenye skrini na bado ukamshinda mtekelezaji.

Hesabu yake inaeleza mengi. Karatasi moja kwa nukta 300 kwa inchi ni nukta zaidi ya milioni 8, yaani megabaiti moja hivi ya kumbukumbu, ili tu kuushika ukurasa. Nusu megabaiti iliyobaki iligawanywa kati ya hesabu za printa na fonti zilizotumwa kutoka kwenye kompyuta. Aliyependa fonti sita katika ukurasa mmoja alisubiri, taa ikapepesa, kisha karatasi isitoke. Kosa hilo lilikuwa na jina, VMerror, nalo dawa yake ilikuwa kupunguza fonti. Times, Helvetica, Courier na Symbol zilikuwa zimehifadhiwa ndani ya printa yenyewe na hazikula nafasi hiyo, na hii ndiyo sababu mojawapo kwa nini vijarida vya miaka hiyo, popote vilipotoka, vinafanana kama watoto wa mama mmoja. Wengi huilaumu ladha ya wasanifu. Lawama nyingine iende kwenye kumbukumbu ya printa.

Kosa la pili, limitcheck, lilikuja zaidi baada ya Adobe kutoa Illustrator mwaka 1987. Mchoro wenye mstari mrefu uliopinda mara mia ulidai hesabu nyingi kuliko printa ilivyoruhusiwa kufanya kwa mkupuo. Mafundi walijifunza kuukata mstari vipande, au kuiambia printa isihangaike sana na ulaini wa mikunjo. Na pale kosa lisipojulikana limekaa wapi, walitumia njia ambayo bado haijapitwa: futa nusu ya vitu katika nakala ya ukurasa, chapa, ukitoka, mkosaji yuko kwenye nusu iliyofutwa. Gawanya hiyo tena. Kwa hatua tano au sita picha moja iliyoharibika hukamatwa kati ya thelathini.

Nukta 300 zilitosha kwa jarida la kanisa. Kwa tangazo la rangi, faili ilipelekwa kwenye ofisi ya huduma yenye Linotronic, mashine ya kampuni ya Linotype iliyosoma PostScript hiyo hiyo na kutoa filamu ya nukta 1,270 au 2,540 kwa inchi. Hapo ndipo machozi yalipoanza.

Fonti ya PostScript ya aina ya Type 1 ilikuwa na vipande viwili. Kimoja kilionyesha herufi kwenye skrini, kingine kilibeba mchoro halisi wa kutumwa kwa printa. Mteja aliyenakili kimoja tu aliona kila kitu sawasawa kwake, na filamu ikatoka kwa Courier, herufi za taipureta zilizolala katikati ya tangazo la manukato. Hiyo ilikuwa nafuu, kwa sababu kila mtu aliiona. Hatari zaidi ilikuwa fonti mbili zenye jina moja lakini zilizotoka kwa watengenezaji tofauti. Upana wa herufi ukitofautiana hata kidogo tu, mstari mmoja ulisukuma neno chini, aya ikaongezeka mstari, na neno la mwisho la makala likamezwa na ukingo wa safu. Msomaji wa prufu alikuwa amekwisha kwenda nyumbani.

Ofisi za huduma zilijikinga kwa karatasi. Mteja alijaza fomu: jina la programu na toleo lake, fonti zote, picha zote, rangi zote, na aambatanishe prufu iliyochapwa kutoka kwenye faili ile ile ya mwisho. Mzigo wote ulibebwa kwenye katriji za diski za SyQuest, ambazo zile za kwanza kuenea zilichukua megabaiti 44. Baadaye fomu hiyo ikameza programu, au programu ikaimeza fomu: QuarkXPress, mshindani wa PageMaker, ikapata amri ya kukusanya faili kwa ajili ya uchapaji, PageMaker ikapata yake, na InDesign ya Adobe leo inaiita Package. Mwaka 1995 kampuni ya Markzware ilitoa FlightCheck, programu iliyokagua faili kabla haijaondoka. Kijana anayebonyeza amri ya Package leo anajaza fomu ya mteja aliyewahi kuudhi ofisi nzima zaidi ya miaka thelathini iliyopita.

Waliopanga Kiswahili walikuwa na kero yao. Programu iliyodhani inasoma Kiingereza ilikata maneno kwa kanuni za Kiingereza, wakati Kiswahili hufuata silabi: mwa-na-fu-nzi, kamwe si mwan-afunzi. Njia ya mkato ni kuuzima ukataji wote, na bei yake huonekana kwenye safu nyembamba za magazeti, ambako neno refu kama "wanaoshughulikia" huruka zima kwenda mstari wa chini na kuacha mapengo meupe nyuma yake. Njia ya subira ni kuingiza kistari cha hiari kwa mkono, mahali silabi inapoisha. Kistari hicho hujificha chenyewe neno likirudi katikati ya mstari. Mwenye haraka huandika kistari cha kawaida, na toleo linalofuata linatoka na "wanao-shughulikia" katikati ya sentensi.

Rangi zilikuja na mitego ya aina yake. Picha ya skana huwa ya nyekundu, kijani na buluu. Mashine ya uchapaji hutumia sayani, majenta, njano na nyeusi. Katika matoleo ya zamani ya QuarkXPress, picha isiyobadilishwa iliingia kwenye filamu ya wino mweusi peke yake, na ua jekundu likachapwa kijivu. Rangi maalumu za Pantone nazo zilibeba majina yasiyolingana: programu moja iliita rangi ile ile 485 CV, nyingine 485 CVC. Mashine haijui kwamba ni ndugu. Ilitoa filamu mbili, na mteja akalipia filamu ya ziada ambayo hakuihitaji.

QuarkXPress ilitoka mwaka 1987, kazi ya kampuni ya Tim Gill huko Denver, na katika miaka ya 1990 ikatawala vyumba vya magazeti na majarida. Ilikuwa sahihi kuliko PageMaker na wataalamu waliipenda kwa hilo. Kampuni yenyewe hawakuipenda hivyo. Sifa yake ya kuwajibu wateja ilikuwa mbaya kiasi kwamba kila kijiwe cha wasanifu kilikuwa na kisa chake. Faili ya Quark ikiharibika, mafundi walifungua waraka mpya, wakaonyesha kurasa kama vijipicha, kisha wakaziburuta moja moja kutoka waraka mgonjwa kwenda mzima. Wa PageMaker walikuwa na yao: kuhifadhi kwa jina jipya badala ya kuhifadhi tu, kwa kuwa hifadhi ya kawaida ilirundika mabadiliko juu ya mabadiliko na faili ikavimba. Wa InDesign huitoa faili katika umbo la IDML na kuifungua upya, na takataka hubaki nyuma. Programu tatu na kampuni tatu, na kitendo kimoja: uhamishe waraka, uache ugonjwa ulikokuwa.

Adobe iliinunua Aldus mwaka 1994. Mwaka 1998 Quark ilijaribu kuinunua Adobe, jaribio ambalo leo linasomeka kama kichekesho, maana mwaka uliofuata Adobe ilitoa InDesign. Toleo la 2 lilikuwa tayari kwa Mac OS X mapema mwaka 2002, wakati Quark ilifika huko mwaka 2003. Mwaka mmoja na ushei ulitosha kuwafanya wahariri wengi wajaribu kitu kingine, na wengi hawakurudi.

Lakini aliyemaliza usiku wa Courier ni PDF, iliyotolewa mwaka 1993. Warnock alitaka waraka unaobeba kila kitu chake na kuonekana sawa popote. Wachapaji hawakuiamini mara moja, na hawakukosea: PDF ya kwanza ingeweza kubeba picha hafifu na rangi za skrini bila kulalamika. Ilipokuja PDF/X-1a, kiwango cha ISO cha mwaka 2001, ndipo masharti yakaandikwa: fonti zote ziwemo ndani, rangi ziwe za uchapaji, ukubwa wa karatasi na mpaka wa kukatia utajwe. Ni ile fomu ya ofisi ya huduma tena, safari hii imepigwa muhuri wa kimataifa.

PageMaker yenyewe ilikomea toleo la 7, mwaka 2001. Nchini Kenya iliishi zaidi. Vyuo vya mitaani viliifundisha pamoja na programu nyingine chini ya jina la "packages", na somo la Kompyuta la sekondari likaweka uchapishaji wa kompyuta katika kidato cha pili, vitabu vyake vikifundisha kwa mifano ya PageMaker. Wanafunzi waliozaliwa baada ya toleo la mwisho walikariri ubao wake wa kubandikia, neno lililotoka moja kwa moja kwa watu wa wembe na nta.

Hali hiyo inaacha kazi halisi kwa mashirika na makanisa yenye visanduku vya faili za zamani. InDesign za sasa hazifungui faili ya PageMaker. InDesign CS6 ya mwaka 2012 bado inafungua zile za toleo la 6 na la 7, kwa hiyo anayemiliki kompyuta ya zamani yenye programu hiyo anaweza kuzitoa kama IDML na kuzipeleka kwenye toleo jipya. Fonti ni habari nyingine. Tangu Januari 2023 Adobe imeacha kuzitambua zile za Type 1. Faili hufunguka na maandishi yakiwa yamepakwa waridi, alama ya fonti iliyokosekana. Inabidi itafutwe fonti ile ile katika umbo la OpenType, kisha kila ukurasa ulinganishwe na nakala ya karatasi, kwa sababu upana wa herufi ukitofautiana kidogo tu, mistari itahama.