Malezi ya jamaa

Malezi ya jamaa ni malezi ya mtoto yanayobebwa na ndugu wa ukoo pale wazazi wanapokuwa hawapo au hawawezi. Mlezi anaweza kuwa bibi, babu, shangazi, mjomba, mama mdogo, baba mkubwa, au dada na kaka waliotangulia kuzaliwa. Sababu ni nyingi: kifo, ugonjwa wa muda mrefu, kifungo, ndoa kuvunjika, au mzazi kwenda mbali kutafuta maisha. Mara nyingi hakuna hakimu wala hati. Mazishi yakiisha, kabla matanga hayajaanuliwa, wazee wa ukoo hukaa kikao na kuamua nani ataondoka na mtoto yupi.

Mkataba wa Haki za Mtoto wa mwaka 1989 unaitambua familia pana pamoja na wazazi. Mwongozo wa Malezi Mbadala ya Watoto, uliopitishwa na Umoja wa Mataifa mwaka 2009, unatofautisha malezi ya jamaa yaliyo rasmi na yale ambayo familia imepanga yenyewe bila amri ya chombo chochote. Afrika Mashariki walezi wengi wako katika kundi hili la pili, ndiyo maana mara nyingi serikali haiwaoni. Makala hii inahusu namna ya kuwasaidia walezi hao, na mfano wake mkuu ni Mkoa wa Kagera, kaskazini-magharibi mwa Tanzania.

Kagera na mzigo wa bibi

Wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI kutangazwa nchini Tanzania walikuwa watatu, na waligunduliwa Kagera mwaka 1983. Dawa za kufubaza virusi zilianza kutolewa na serikali mwishoni mwa 2004. Katika miaka hiyo zaidi ya 20 iliyopita katikati, kizazi cha wazazi kilipukutika na wajukuu wakabaki mikononi mwa bibi zao, wengi wao wajane. Mama aliyetegemea kwamba wanawe wangemlea uzeeni aliwazika, kisha akaanza upya kuosha nepi.

Maisha ya kaya ya namna hii yanajulikana kwa kila aliyefika vijiji vya Muleba au Bukoba Vijijini. Nyumba imejificha ndani ya kibanja cha migomba, kahawa na maharage. Ndizi zipo, lakini chumvi, sabuni, mafuta ya taa, dagaa na daftari vinataka pesa taslimu. Vijiji vingi vimekaa juu ya vilima na maji yako bondeni. Bibi hawezi tena kupanda mlima na ndoo kichwani, kwa hiyo mjukuu huteka maji alfajiri kabla ya shule, hukata kuni, na bibi akiugua hubaki nyumbani kumuuguza. Hapa ndipo mipango mingi ya misaada hukosea: humhesabu bibi kama mlezi na mtoto kama mlelewa, ilhali katika nyumba hiyo wawili wanaleana.

Kagera pia ni moja ya sehemu za Afrika ambako athari za uyatima zimepimwa kwa muda mrefu. Kaya zilizohojiwa kati ya 1991 na 1994 zilitafutwa tena mwaka 2004, na watoto wa wakati ule wakapimwa wakiwa watu wazima. Ilionekana kwamba waliofiwa na mama kabla ya kutimiza miaka 15 walikuwa wamepungukiwa kimo kwa takriban sentimita 2 na elimu kwa takriban mwaka 1. Ukoo uliwapokea, lakini hali ya kaya zilizowapokea haikuruhusu pengo lizibike.

Pensheni ya Nshamba

Mwaka 2003, katika mji mdogo wa Nshamba wilayani Muleba, lilianza shirika la Kwa Wazee. Mwanzilishi wake, Mswisi Kurt Madörin, alikuwa tayari amefanya kazi na yatima wa eneo hilo kupitia mradi wa Humuliza. Kutokana na kazi hiyo yatima wenyewe waliunda chama chao, Vijana Simama Imara. Kwa Wazee ilikuja na fikra rahisi: wazee maskini, hasa bibi wanaolea, wapewe pensheni ndogo ya kila mwezi, na nyongeza kwa kila mjukuu. Fedha zilitolewa mkononi, na bibi hakupangiwa azitumie vipi.

Wengi walikuwa na shaka. Ilizoeleka kwamba maskini hupewa mbuzi, mbegu au semina, na kwamba pesa taslimu zitapotea bure. Tathmini iliyochapishwa mwaka 2008 ililinganisha wazee waliopokea na wale waliokuwa hawajaanza kupokea, na jina lake lilitaja moja kwa moja mahali pesa zilipokwenda: chumvi, sabuni na viatu vya shule. Mlo uliboreka, kuombaomba kwa majirani kukapungua, na hofu ya kesho ikapungua kwa bibi na kwa wajukuu.

Jambo lililofanya pensheni hiyo izae matunda ni kwamba ilikuja kila mara na kwa wakati. Bibi anayejua kwamba mwezi ujao atapata kiasi fulani huweza kukopa kilo ya sukari dukani na kuaminiwa, na huweza kumwahidi mtoto daftari na ahadi ikatimia. Msaada mkubwa unaokuja mara moja, ukipigiwa picha, hauwezi kufanya kazi hiyo. Wazee pia walikusanywa katika vikundi vya kusaidiana, wenye nguvu kidogo wakiwatembelea waliolala kitandani. Kwa mlezi ambaye amezika watoto wake wote, jirani wa rika lake anayekuja kukaa naye ni msaada wa kweli, ingawa hauingii katika hesabu za mfadhili.

Ruzuku za serikali

Kenya ilianza mwaka 2004, kwa majaribio, mpango wa kuwapa fedha walezi wa yatima na watoto walio katika mazingira magumu. Leo mpango huo ni sehemu ya Inua Jamii, mpango wa serikali wa ruzuku za fedha, na kiwango chake kwa miaka mingi kimekuwa shilingi 2,000 za Kenya kwa mwezi. Anayeandikishwa na kulipwa ni mlezi, na huo ni uamuzi wa busara. Utafiti uliofuatilia kaya hizo ulionyesha kwamba vijana wake walichelewa zaidi kuanza ngono kuliko wenzao wa kaya zisizopokea, ingawa mpango haukuwa na somo lolote la mambo hayo.

Tanzania Bara inategemea Mfuko wa Maendeleo ya Jamii (TASAF), ulioanzishwa mwaka 2000, na hasa Mpango wa Kunusuru Kaya Maskini ulioanza 2012. Majina ya walengwa hupitishwa katika mkutano wa hadhara wa kijiji, na sehemu ya ruzuku inategemea watoto kuhudhuria kliniki na shule. Kaya nyingi za bibi na wajukuu zimefaidika. Hata hivyo mpango umejengwa juu ya umaskini wa kaya, na mzigo wa malezi hauhesabiwi peke yake. Masharti ya mahudhurio yanaweza kumwumiza mtoto aliyekosa shule kwa sababu alikuwa akimuuguza bibi yake, maana ruzuku hukatwa. Ajira za muda zinazotolewa na mpango huo nazo zinahitaji mtu mzima mwenye nguvu za kushika jembe, na kaya hii haina mtu huyo.

Zanzibar ilichukua njia nyingine. Tangu Aprili 2016 kila mkaazi aliyetimiza miaka 70 ana haki ya Pencheni Jamii, iliyoanza kwa shilingi 20,000 kwa mwezi na kulipwa na serikali yenyewe. Haimuulizi mzee kama ni maskini wala analea nani. Anayeishi na wajukuu hula nao.

Hati na ardhi

Mlezi bila karatasi hukwama kwenye kila meza. Kuandikisha mtoto shule, kupata matibabu na kudai mafao ya marehemu, vyote huulizia cheti cha kuzaliwa cha mtoto au cheti cha kifo cha mzazi. Mtoto aliyezaliwa nyumbani au aliyeletwa usiku kutoka mkoa mwingine huenda hana hata tangazo la kizazi. Barua ya mwenyekiti wa kitongoji au mtendaji wa kijiji husaidia, lakini haitoshi kila mahali. Mlezi aliyetimiza miaka 60 na asiye na uwezo anatakiwa kutibiwa bila malipo, kwa mujibu wa Sera ya Taifa ya Wazee ya 2003, na hospitali nyingi zina dirisha la wazee. Akifika hapo akakuta dawa hakuna, huandikiwa akanunue.

Nchini Kenya, Sheria ya Watoto ya 2022 imeweka utaratibu wa mtoto kuasiliwa na jamaa zake, na imetambua pia kafala, ambayo kwa Waislamu humpa mtoto malezi kamili bila kumbadilishia nasaba. Tanzania Bara, Sheria ya Mtoto ya 2009 inaruhusu mahakama kumkabidhi mtoto kwa mlezi, lakini ni bibi wachache wanaokwenda mahakamani kuomba kile ambacho ukoo umeshawapa.

Ardhi ndiyo huvunja kaya hizi. Kwa mila za Wahaya wa Kagera kibanja hufuata ukoo wa baba. Mtoto akilelewa na bibi mzaa mama, kibanja cha baba yake hubaki kwa baba wadogo, na akirudi akiwa mtu mzima hukuta mipaka imehama. Mwaka 1990 Jaji James Mwalusanya wa Mahakama Kuu, Mwanza, katika shauri lililotoka Kagera, aliamua kwamba mila inayomzuia mwanamke kuuza ardhi ya ukoo aliyorithi ni ubaguzi unaokwenda kinyume na Katiba. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 ikaongeza kwamba mila inayowanyima wanawake, watoto au watu wenye ulemavu haki ya ardhi ni batili. Sheria hizo zina nguvu pale tu mtu anapozifikisha mbele ya baraza la ardhi, na mtoto wa miaka 9 hawezi. Msaidizi wa kisheria anayekwenda na bibi barazani mapema, mashahidi wa mipaka wakiwa bado hai, humwokolea mjukuu mali ambayo hakuna ruzuku itakayoirudisha.

Zanzibar inalipa pencheni ya wazee wote tangu 2016. Tanzania Bara haijaanza, na bibi wa Kagera anayelea wajukuu anaendelea kungoja jina lake lisomwe kwenye mkutano wa kijiji.