Alama ya Ukopeshekaji

Mfanyabiashara wa Tunduma anayeomba mkopo wa mtaji benki hupimwa kwa namba ambayo pengine hajawahi kuiona. Hukokotolewa na kampuni za taarifa za mikopo zenye leseni ya Benki Kuu ya Tanzania, kama Creditinfo na Dun & Bradstreet, kwa kuangalia alivyolipa madeni yake: kwa wakati, kwa kuchelewa, au hakulipa kabisa. Namba ikiwa ndogo, huambiwa jina lake limechafuka.

Mimi naiita alama ya ukopeshekaji. Kitenzi tunacho: kopa, kopesha, kopesheka. Vikundi vya wanawake na vijana huhimizwa kila siku "wakopesheke", na hakuna anayeuliza maana. Kukopesheka ni hali, na hali hubadilika. Jina chafu humwangukia mtu na ukoo wake. Huleta aibu, na aibu ndiyo inayomfanya azime simu wakati ambapo angepaswa kwenda kuomba apangiwe upya marejesho. Tena msemo wa "kusafisha jina" huwafungulia mlango matapeli wanaodai ada ili wafute rekodi. Rekodi ya kweli haifutwi kwa ada. Deni likilipwa, mkopeshaji hutoa taarifa kwamba limelipwa. Na kama taarifa ilikosewa, mkopaji ana haki ya kuipinga irekebishwe.

Deni la kadi nalo linahitaji ufafanuzi. Katika nchi nyingine ni deni la kadi ya mkopo. Kwetu, mtumishi wa Vwawa au Tunduma akisema kadi yake iko kwenye deni, mara nyingi ana maana kwamba kadi ya ATM na namba ya siri vimeshikwa na mkopeshaji, ambaye mshahara ukiingia huutoa mwenyewe. Hiyo ndiyo kausha damu. Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya 2018 inamtaka mkopeshaji awe na leseni, na Benki Kuu imeweka kikomo cha riba cha asilimia 3.5 kwa mwezi. Kwa mkopo wa shilingi 500,000, hiyo ni 17,500. Anayetoza asilimia 20 anachukua 100,000. Kinachoniuma zaidi ni kwamba asiye na leseni hapeleki taarifa popote: mlipe mwaka mzima bila kukosa, alama yako haipandi hata kidogo.

Kwa hiyo deni hilo ndilo la kumaliza kwanza, huku marejesho ya benki yakiendelea bila kukatika. Kadi irudi, namba ya siri ibadilishwe siku hiyohiyo. Kisha ifuate mikopo ya simu. Ile inayotolewa kwa ushirikiano na benki huingia kwenye kumbukumbu, na elfu kumi iliyosahauliwa kwenye laini ya zamani inaweza kukwamisha mkopo wa milioni kumi.

Mpakani kuna jambo la ziada. Tangu 2019 Tunduma na Nakonde, upande wa Zambia, zina kituo cha pamoja cha forodha, lakini anayekopa kwa kwacha ng'ambo na kulipa vizuri hujenga kumbukumbu zake Zambia. Ofisa mikopo wa Tunduma husoma za Tanzania. Mwombaji aende na taarifa ya akaunti yake ya Nakonde, yenye mhuri, na aombe iwekwe kwenye jalada la maombi yake.