Sanduku la Mama Halifungiki
Wasee, mimi nilikuwa kwa wale wanaosema, "Tupa hizo nguo kuukuu." Nikirudi Kaikor likizo, kitu cha kwanza naona ni sanduku la mama, fundi wa cherehani. Limejaa hadi halifungiki: vipande vya leso, mabaki ya shuka, mikono ya mashati ya mitumba. Mwaka huu nikamwambia, "Mama, si tuchome tu?" Akaninyamazia.

Halafu nikasoma historia ya leso, nikaona aibu.

Neno lenyewe limetoka kwa Kireno, na maana yake ni kitambaa cha mkononi. Husimuliwa kwamba katika karne ya 19, wanawake wa Pwani walinunua vitambaa hivyo vikiwa vimeshikana, bado havijakatwa. Walichukua sita, wakavishona tatu juu, tatu chini, wakapata nguo moja kubwa ya kujifunga. Mtindo ulipopendwa, wafanyabiashara wakaanza kuagiza nguo iliyochapishwa ikiwa nzima. Yaani leso unayoiona kila harusi ilianza kwa kuunganisha vipande!

Kwa hivyo msimamo wangu ni huu: sanduku lililojaa si takataka, lakini pia si makumbusho. Kitambaa kisichoguswa huliwa na mchwa tu.

Jumamosi tulimwaga kila kitu kwenye mkeka, tukatenga kwa rangi, tukaanza kushona sita sita. Shuka la kwanza amelilalia mdogo wangu. Sanduku bado limejaa, ila sasa linafungika.

Kwenu je, mama ameficha nini sandukuni?